Kutoka "Aliharibiwa" hadi "Aliharibika": Lugha na Ndoa Baada ya Uvamizi katika Kivu ya Kusini

1. Utangulizi

Vitabu vya sarufi vimezoea kueleza minyambuliko ya vitenzi kwa mifano isiyomdhuru mtu: Juma alivunja kikombe, kikombe kilivunjwa na Juma, kikombe kilivunjika. Makala haya yanatumia mifano ya namna hiyo hiyo, isipokuwa mahali pa kikombe pamekaliwa na mke wa mtu, na mahali pa Juma pamekaliwa na askari aliyeingia nyumbani usiku. Tunakusudia kueleza jinsi ndoa nyingi za Kivu ya Kusini zilivyotikisika baada ya mvamizi kwenda zake, na jinsi kauli za vitenzi zinazotumiwa na mume, mke na majirani katika kulisimulia tendo lile zinavyouendeleza mtikisiko huo. Hoja yetu ni kwamba mtenda anapoondolewa katika sentensi, lawama haiondoki pamoja naye. Hubaki nyumbani, ikagawanywa kati ya watu wawili wasiohusika na kosa.

2. Uvamizi na takwimu zake

Mji wa Bukavu na vijiji vinavyouzunguka vimeingiliwa mara nyingi. Mwishoni mwa Oktoba 1996 mji ulitekwa katika vita vya AFDL iliyoungwa mkono na Rwanda, na tarehe 29 ya mwezi huo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa akauawa. Agosti 1998 vita vya pili vilianza. Juni 2004 askari wa Laurent Nkunda na Jules Mutebutsi waliukalia mji kwa siku chache, na Februari 2025 M23 nao wakaingia. Hata hivyo, neno "mvamizi" lisitudanganye tukadhani kwamba daima ni mtu wa nchi nyingine. Kwa mwanamke aliyevunjiwa mlango usiku, mvamizi aliweza kuwa askari wa kigeni, Interahamwe aliyetoka msituni, mpiganaji wa kundi la wenyeji, au hata askari wa jeshi la taifa lake mwenyewe.

Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999, ndiyo iliyotuwezesha kuliona tatizo hili kwa hesabu. Mukwege alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad. Ripoti iliyotolewa mwaka 2010 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard pamoja na shirika la Oxfam ilichunguza kumbukumbu za wanawake 4,311 waliotibiwa Panzi kati ya 2004 na 2008. Asilimia 60 walikuwa wamebakwa na kundi la watu wenye silaha, na zaidi ya nusu ya mashambulizi yote yalitokea nyumbani kwao, mara nyingi usiku.

Jambo hilo la mwisho ni la kuzingatiwa. Shambulio likitokea njiani au shambani, mume hupata habari. Likitokea nyumbani usiku, huenda mume yupo: amefungwa kamba, ameelekezewa bunduki, au amefaulu kukimbia. Na kama hayupo, kutokuwapo kwake kwenyewe hugeuka kuwa jambo la kuelezwa. Kwa vyovyote vile, tendo lile linakuwa limewapata wote wawili, ingawa si kwa namna moja.

Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2011, uliwahoji wanawake 255 katika hospitali hiyo na katika mashirika mawili ya wenyeji. Miongoni mwa wale waliokuwa wamebakwa, asilimia 29 walisema wamekataliwa na familia zao, na asilimia 6 wamekataliwa na jamii. Kwa kawaida sisi hudhani kwamba kijiji ndicho chenye ulimi mkali na nyumba ndiyo kimbilio. Tarakimu hizo zinaonyesha kinyume chake. Kwa hiyo anayetaka kuielewa aibu hii aanzie ndani ya nyumba.

3. Ngazi nne za usemi

Katika mazungumzo ya kila siku watu hukwepa kitenzi "kubaka". Badala yake hutumia tafsida, kama vile "kushika kwa nguvu" na "kuharibu". Tuchukue hiyo ya pili na kuitungia sentensi nne kwa Kiswahili cha Bukavu, ambacho hutumia kiambishi ba- pale Kiswahili sanifu kinapotumia wa-, na ambamo "bibi" ni mke, si nyanya:

(1) Basoda baliharibu bibi ya fulani.
(2) Baliharibu bibi ya fulani.
(3) Bibi ya fulani aliharibiwa.
(4) Bibi ya fulani aliharibika.

Katika sentensi ya (1) mtenda ametajwa kwa jina la kazi yake: ni askari. Katika (2) amebaki kama kiambishi tu. Tunajua kuna watu waliotenda, lakini hatuambiwi ni nani, kama vile mtu asemavyo "wameniibia" bila kumjua mwizi. Katika (3), ambayo ni kauli ya kutendwa, mtenda hatajwi, lakini nafasi yake ingalipo. Msikilizaji anaweza kuuliza "na nani?", na msemaji anaweza kuongeza "na basoda" bila kuivunja sarufi.

Sentensi ya (4) ni ya aina nyingine kabisa. Kauli ya kutendeka haina nafasi ya mtenda. Hatuwezi kusema *"aliharibika na basoda" tukimaanisha kwamba askari ndio walioharibu. Kinachoelezwa si tendo tena, bali ni hali, na hali hiyo ni ya mwanamke mwenyewe. Isitoshe, kitenzi "kuharibika" kina matumizi mengine yanayofahamika na kila mtu. Mtoto aliyeacha shule na kufuata ulevi huambiwa "ameharibika", na msichana anayedhaniwa kuwa na tabia mbaya huambiwa vivyo hivyo. Basi silabi moja imeyafanya haya yote: kutoka "aliharibiwa" hadi "aliharibika", tumetoka katika jinai tukaingia katika tabia. Hakuna aliyesema uongo, na hakuna aliyemtukana mwanamke waziwazi. Lakini mwenye kosa ametoweka, na aliyekosewa amebaki na doa.

Jambo la kushangaza ni kwamba mtenda huyo aliyefutwa hurejea kwa mlango mwingine. Wanawake wa Kivu wamesimulia mara nyingi jinsi walivyoitwa "bibi ya Interahamwe", na watoto waliozaliwa kutokana na ubakaji nao wameitwa kwa jina la kundi la baba wasiyemjua. Hapa mvamizi hatajwi kama mtenda wa kitenzi. Anatajwa kama mmiliki, baada ya kihusishi cha uhusiano, mahali ambapo lugha humweka mume halali na baba halali. Kwa maneno mengine, usemi wa majirani humwondolea askari kosa kisha ukampa mke.

4. Nafasi iliyo wazi na maswali ya nyumbani

Tuingie sasa ndani ya nyumba. Tuwawazie mume na mke wa kijiji chochote cha Kabare au Walungu, miezi michache baada ya usiku ule. Askari hawapo tena. Hawawezi kuulizwa wala kugombezwa. Lakini maumivu yapo, na maumivu hutafuta mwenyewe. Mume atauliza: "Mbona hukupiga kelele?" Mke atauliza, hata kama ni kimoyomoyo: "Wewe ulikuwa wapi?"

Kisarufi, maswali haya mawili yanafanana. Kila moja lina kiima cha nafsi ya pili, u-, na kitenzi chake ni cha yule anayeulizwa. Nafasi ya mtenda iliyoachwa wazi katika "aliharibiwa" imejazwa: mume amemweka mkewe humo, na mke amemweka mumewe. Ndiyo maana wanandoa hawa waweza kugombana mwaka mzima juu ya chumvi, juu ya pesa za shule, juu ya kuchelewa sokoni, na hata siku moja wasimtaje askari.

Swali la mke lina mizizi katika desturi na hata katika sheria. Sheria ya Familia ya mwaka 1987, katika kifungu cha 444, ilimtangaza mume kuwa mkuu wa nyumba, ikamwajibisha kumlinda mkewe, na ikamtaka mke amtii mumewe. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliondoa sharti la mke kuomba idhini ya mumewe kabla ya kufanya mambo ya kisheria, lakini wazo kwamba mume ni ngao halikutoka katika vichwa vya watu. Mume aliyefungwa kamba huku mkewe akishikwa ameshindwa katika kitenzi kile kile kinachomfanya awe mume: kulinda. Wengine huhama kitanda, wengine hulewa, wengine huenda machimboni wasirudi. Tunapomwona anamfukuza mkewe, tunadhani anamkimbia mwanamke aliyechafuliwa. Mara nyingi anamkimbia shahidi.

Mwandishi wa Marekani Lynn Nottage ameionyesha hali hii katika tamthilia yake iitwayo Ruined, iliyochezwa mara ya kwanza Chicago mwaka 2008 na kupata Tuzo ya Pulitzer mwaka 2009. Mandhari yake ni mji mdogo wa machimbo katika msitu wa Ituri. Salima alichukuliwa na askari siku ambayo mumewe, Fortune, alikuwa amekwenda kununua chungu. Aliporudi nyumbani baada ya mateso marefu, Fortune alimfukuza, kisha baadaye akaja kumtafuta. Chungu kile ni jibu la swali "ulikuwa wapi?", na ni jibu ambalo halimridhishi yeyote kati yao. Mfasiri wa Kiswahili atakutana na tatizo letu tangu kwenye jina la tamthilia, kwa kuwa neno hilo la Kiingereza halitenganishi "aliyeharibiwa" na "aliyeharibika". Kiswahili kinamlazimisha achague.

5. Ugumu wa neno "kusamehe"

Wapo waume wengi wanaobaki na wake zao, na wapo wazee, wachungaji na mapadri wanaowasaidia kwa moyo mwema. Katika juhudi hizo neno linalosikika mara kwa mara ni "kusamehe". Mume husifiwa kwa kuwa amemsamehe mkewe. Tunaomba neno hili lichunguzwe. Kitenzi "kusamehe" hudai yambwa, na yambwa hiyo ni mtu aliyekosa. Anayesema "nimemsamehe bibi yangu" anatamka hukumu na msamaha kwa pumzi moja. Mke huyo atarudi nyumbani akiwa mdeni, na deni la namna hiyo hukumbushwa kila ugomvi unapozuka. Hata "kusameheana", ambako huonekana kuwa na usawa, kunachukulia kwamba kila mmoja ana kosa kwa mwenzake.

Lugha yetu haikosi vitenzi vingine. "Kumpokea" hakudai kosa. "Kusikilizana", kwa kauli yake ya kutendana, kunadai wawili wenye masikio na wawili wenye la kusema. Mume naye ana usiku wake wa kuusimulia, na ni nadra kuulizwa.

6. Kumrudisha mtenda

Ikiwa tatizo ni mtenda aliyepotea, basi mahali pa kumrudisha ni mahakama. Februari 2011 mahakama ya kijeshi ya kuhamahama iliketi Baraka, katika wilaya ya Fizi, ikamhukumu Luteni-kanali Kibibi Mutware wa jeshi la taifa kifungo cha miaka 20 kwa makosa dhidi ya ubinadamu, baada ya wanawake 49 kutoa ushahidi juu ya usiku wa mwaka mpya. Thamani ya hukumu ya namna hiyo kwa ndoa haijaangaliwa vya kutosha. Hukumu ni sentensi ya kauli ya kutenda: fulani alitenda hivi, siku fulani, mahali fulani. Mume akiisikia ikisomwa hadharani, amepewa kiima kingine cha kuweka mahali pa mkewe.

Hata hivyo kesi zilizofika mwisho ni chache mno zikilinganishwa na wanawake waliopita Panzi. Kwa walio wengi, sentensi hiyo itasemwa nyumbani, au haitasemwa kabisa.

7. Hitimisho

Hatudai kwamba sarufi imezivunja ndoa hizi. Zimevunjwa na watu wenye bunduki, na umaskini, ugonjwa na hofu vimeongeza nyufa. Tunachodai ni kwamba kila mara tendo linaposimuliwa upya, msemaji huchagua kauli, na chaguo hilo humpa mtu mzigo.

Wanafunzi wetu watakuwa kesho walimu, watangazaji, wakalimani wa mahakamani na wa hospitalini. Tunapendekeza mambo matatu kwao. Kwanza, katika habari na tafsiri wamtaje mtenda pale anapojulikana, na pale asipojulikana watumie kauli ya kutendwa, kamwe wasitumie kauli ya kutendeka. Pili, waache tafsida ya "kuharibu" wanapozungumza na wanaohusika, kwani binadamu aliyebakwa hajaharibika. Tatu, mkalimani anayeketi kati ya mume na mke asiligeuze "aliharibiwa" kuwa "aliharibika" kwa sababu ya haraka au haya. Yeye ataona amebadilisha silabi moja tu, lakini mke anayesikiliza atajua kwamba mwenye kosa amebadilishwa.