Kompyuta ya Duka Inajikokota? Huenda Tatizo ni Diski Tu

Saa moja na nusu asubuhi. Mteja wa kwanza amesimama kwenye kaunta yako na anataka kuprinti barua ya kazi kabla hajapanda matatu. Analipa kwa simu, na meseji ya malipo inaingia hata kabla hajarudisha simu mfukoni. Lakini kompyuta bado inakuonyesha lile duara linalozunguka. Dakika tano zinapita. Mteja anaangalia saa, anaomba umrudishie pesa zake, anaenda saiba ya jirani.

Wengi wenu mnaotumia huduma zetu mna desktop kwenye biashara: duka la fotokopi, saiba, chemist, ofisi ya chama, au kibanda cha wakala chenye kompyuta moja kwenye kona. Nyingi ya mashine hizi zilinunuliwa zikiwa mtumba, zile tunazoita ex-UK. Zikianza kujikokota, wazo la kwanza huwa ni kutafuta nyingine. Kabla hujafika huko, hebu tuangalie sehemu moja ndogo ambayo mara nyingi ndiyo inayochelewesha kila kitu: diski inayohifadhi data.

Kuibadilisha si kazi kubwa. Ila kuna sehemu tatu ambapo watu huumia: wakati wa kununua, wakati wa kuhamisha data, na wakati wa kutupa diski ya zamani. Tutapitia zote.

Kwa nini diski ya zamani ni nzito?

Diski ngumu ya kawaida ina sahani zinazozunguka ndani yake, mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Juu ya sahani kuna mkono mwembamba unaokimbia huku na huku kutafuta data. Ukiwasha kompyuta, Windows inaita maelfu ya faili ndogondogo zilizotawanyika, na mkono huo lazima uzifuate moja baada ya nyingine.

SSD haina kitu kinachozunguka. Inahifadhi data kwenye chipu, kama simu yako. Ukikopi faili moja kubwa, diski ya zamani inaweza kusoma megabaiti 100 hadi 200 kwa sekunde, na SSD ya kawaida inafika karibu 500. Lakini tofauti utakayoisikia kwelikweli iko kwenye zile faili ndogo. Diski inayozunguka inaweza kushughulikia maombi mia moja hivi kwa sekunde, SSD inashughulikia maelfu. Ndiyo maana kompyuta iliyokuwa inachukua dakika kadhaa kuwaka inaweza kuwaka kwa chini ya dakika moja.

Hakikisha kwanza kama shida ni diski

Usinunue kitu kwa kubahatisha. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Itafunguka Task Manager. Angalia safu iliyoandikwa Disk wakati kompyuta inajikokota. Ikiwa inakaa karibu asilimia 100 na wewe hufanyi kazi yoyote kubwa, basi diski ndiyo inayokuzuia. Ikiwa safu ya Memory ndiyo imejaa, unahitaji kuongeza RAM, na SSD peke yake haitakutosha.

Pia tuseme ukweli: SSD haiongezi kasi ya intaneti. Kama kurasa zinachelewa kwa sababu bando au mtandao ni dhaifu, zitaendelea kuchelewa.

Na kama unasikia diski ikigonga "tik, tik, tik", hiyo ni dalili inaweza kufa wakati wowote. Kopi data yako leo, mengine yafuate baadaye.

SSD gani inaingia kwenye desktop yako?

Kuna aina mbili utakazoonyeshwa dukani.

Ya kwanza ni SATA ya inchi 2.5. Ni kiboksi chembamba kinachoenea kiganjani. Inatumia kebo za aina ileile inayotumiwa na diski yako ya sasa, ikiwa ni ya SATA: moja ya data, moja ya umeme. Kwa desktop nyingi za zamani, hii ndiyo salama kununua.

Ya pili ni M.2. Hii inafanana na kijiti bapa na inachomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi, ile sahani kubwa inayounganisha vifaa vyote. Mashine nyingi za zamani hazina nafasi yake, na hata zilizo nayo hazikubali kila M.2. Fungua kava uone, au umuulize fundi akiwa ameitazama mashine yenyewe, kabla hujalipa.

Kuhusu ukubwa, angalia umetumia nafasi kiasi gani sasa. Kwa barua, skani na vitabu vya hesabu, gigabaiti 240 au 256 zinatosha maduka mengi. Kama unaweka video na muziki, tafuta 480 au 512.

Kununua bila kulia

Hapa ndipo tunaomba usome polepole.

Jihadhari na SSD zenye uwezo mkubwa kupita kiasi kwa bei ya kutupa, hasa zile za nje za USB. Ukiona "terabaiti 2" kwa bei ya gigabaiti 256, jiulize faida ya muuzaji inatoka wapi. Kuna vifaa vilivyochezewa ili viiambie kompyuta kwamba vina nafasi ambayo havina. Unakopi faili, majina yanaonekana yote, lakini siku ya kuzifungua hazifunguki. Hazikuwahi kuhifadhiwa.

Linganisha bei kwenye maduka matatu hivi, iwe ni Luthuli Avenue jijini Nairobi au mjini kwenu. Bei moja ikiwa chini sana kuliko nyingine zote, hiyo ni onyo.

Unapolipa:

1. Ona kifaa kwanza, lipa baadaye. Muuzaji wa mtandaoni anayetaka "dipositi kidogo tu ya kukushikia mzigo" huenda hana mzigo wowote.

2. Lipa kwa till au paybill ya biashara badala ya namba ya mtu binafsi. Na kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea kwenye simu. Likiwa si la duka uliloingia, simama na uulize. Usikubali jibu la "hiyo ni ya ndugu yangu, weka tu".

3. Omba risiti yenye namba ya siri ya kifaa, ile inayoandikwa serial number kwenye lebo, pamoja na muda wa waranti. Usifute meseji ya malipo. Meseji inaonyesha ulilipa, risiti inaonyesha ulinunua nini. Ukirudi kudai, utahitaji zote mbili.

4. Kama fundi ndiye anayekununulia, mwende pamoja au ulipe duka moja kwa moja. Pesa ya spea na pesa ya kazi zikae mbali.

Jambo lingine ambalo wateja hutuuliza sana: kurudisha muamala ni kwa pesa zilizoenda kwa namba isiyo sahihi. Ukimlipa muuzaji uliyemkusudia kisha akakupa bidhaa feki, hapo kuna mgogoro wa biashara, na kama amekulaghai, ni jambo la kuripoti polisi. Tupigie mapema, tutakuelekeza. Lakini pesa zikishatolewa kwa wakala, kuzipata tena ni vigumu. Ndiyo maana tunasisitiza uone kwanza.

Ukifika na SSD nyumbani, ipime kabla ya kuiwekea kitu. Programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo inaonyesha afya ya diski na saa ambazo imeshafanya kazi. Kifaa kipya hakiwezi kuwa na maelfu ya saa. Nyingine, H2testw, inajaza diski yote na kuisoma tena ili kuthibitisha kama nafasi uliyouziwa ipo.

Kuhamisha data

Kabla ya kugusa bisibisi, kopi faili zako muhimu kwenye diski ya nje: daftari la madeni, orodha ya bidhaa, steitimenti, picha, barua za wateja. Kisha fungua faili mbili tatu kutoka kwenye kopi hiyo uone kama zinafunguka. SSD nyingine utaipata dukani, lakini daftari la madeni la miaka mitatu hakuna anayeliuza.

Baada ya hapo una njia mbili.

Ya kwanza ni kukloni, yaani kuhamisha kila kitu kama kilivyo, pamoja na Windows na programu zake. Watengenezaji wengi wa SSD wanatoa programu ya kazi hii bure. Kuna pia Clonezilla, lakini hiyo kwa kawaida hutaka diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Hatari kubwa ya kukloni ni kuchanganya diski inayotoa na ile inayopokea. Ukikosea, unaifuta yenye data. Soma jina na ukubwa wa kila moja mara mbili kabla ya kukubali.

Ya pili ni kuweka Windows upya, kisha kurudisha faili zako. Inachukua muda zaidi, lakini takataka za miaka yote zinabaki nyuma. Ukichagua njia hii, kumbuka Microsoft iliacha kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazitimizi masharti ya Windows 11. SSD haibadilishi hilo. Zungumza na fundi wako mapema.

Kufunga SSD

1. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe.

2. Fungua kava na uguse chuma cha kasha kabla ya kugusa chochote ndani. Umeme tuli wa mwilini unaweza kuharibu chipu.

3. Piga picha ya kebo zote kwa simu. Itakuokoa wakati wa kurudisha.

4. Chomoa diski ya zamani na uunganishe SSD kwenye kebo zake. Nafasi ya desktop ni ya diski ya inchi 3.5, kwa hiyo utahitaji fremu ndogo ya kuishikilia. Sehemu hii ni ya bei ndogo, iulizie palepale unaponunua.

5. Washa. Ikigoma, ingia kwenye mipangilio ya BIOS, kwa kawaida kwa F2, F10 au Del kutegemea mashine, uchague SSD iwe ya kwanza kuwasha.

Usiiunganishe tena diski ya zamani hadi uhakikishe kompyuta inawaka kwa SSD pekee. Iache pembeni wiki mbili hivi. Ukigundua umesahau faili, bado utakuwa nayo.

Diski ya zamani si taka bado

Hii ndiyo sehemu inayosahaulika zaidi. Diski uliyoitoa ina skani za vitambulisho, namba za simu, CV, barua za hospitali, labda hata orodha ya wateja wako wa uwakala. Mtu akiipata na jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu ya mteja wako, anaweza kumpigia akijifanya ni sisi. Atasikika wa kweli kwa sababu anajua kila kitu. Au ataanza kujaribu kubadilisha laini yake ya simu. Mteja huyo hatajua kwamba yote yalianzia kwenye kaunta yako.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde, na duka dogo nalo linashika taarifa za watu.

Kuweka faili kwenye Recycle Bin na kuimwaga hakuzifuti kabisa. Hata kuformati kwa haraka kunaondoa orodha tu, faili zenyewe zinaweza kurudishwa. Kwa diski inayozunguka, unganisha tena, uchague Format kwenye Windows, kisha uondoe alama ya Quick Format. Hakikisha herufi ya diski ni ya ile ya zamani na si ya SSD yako mpya. Itachukua saa kadhaa kwa sababu inaandika juu ya diski yote. Kama diski imekufa na haisomeki, itoboe kwa drili sahani zake zote, kisha uwape wanaokusanya taka za kielektroniki. Usiichome moto, na usimwachie fundi kama "bonasi".

Vilevile, kama kompyuta nzima inaenda kwa fundi, toka kwanza kwenye barua pepe na kwenye akaunti ya biashara yako, na ufute nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Kama umewahi kuandika PIN yako kwenye faili lolote, lifute na ubadilishe PIN leo kwenye simu yako.

Ukiwa na swali kuhusu malipo yoyote uliyofanya wakati wa kununua, fungua menyu ya huduma kwa wateja kwenye simu yako. Na kama kawaida: sisi hatutakupigia kukuomba PIN, iwe ni kwa sababu ya kompyuta, diski au jambo lingine lolote.