Maneno ya Maradhi ya Akili Katika Wilaya ya Kilosa

Mgonjwa wa Mikumi amwambiapo tabibu, "Nina mawazo," hasemi kwamba ana fikira nyingi. Asema kuwa liko jambo linalomzunguka kichwani usiku na mchana, halimpi usingizi wala hamu ya chakula. Wataalamu huiita hali iliyo karibu na hiyo sonona. Lakini mgonjwa yule akiulizwa kama ana sonona, huenda asijue aulizwalo, akajibu "Hapana," na maradhi yake yakapita bila kuandikwa.

Jambo hili si dogo. Katika miaka ya 1980 Mkoa wa Morogoro, pamoja na ule wa Kilimanjaro, ulitangulia kujaribu mpango wa taifa wa kuwatibu wagonjwa wa akili katika zahanati zilizo karibu nao, badala ya kuwategemea wakubwa wa Mirembe, hospitali ya Dodoma iliyofunguliwa mwaka 1927. Matibabu yalisogea kijijini. Lugha ya matibabu nayo haina budi kusogea.

Tulitazame neno wazimu. Shina lake ni moja na la mzimu. Kwa hiyo alitamkaye mbele ya jamaa za mgonjwa hataji ugonjwa tu, bali aashiria na asili yake, na njia ya tambiko hufunguka kabla ya njia ya dawa. Neno kichaa nalo mara nyingi hugeuka tusi. Ni afadhali tabibu aanze kwa kuuliza: "Nyumbani mwauitaje ugonjwa huu, na mwadhani umetoka wapi?"

Tena Kiswahili si lugha ya kwanza ya kila mtu wilayani. Wapo Wasagara, Wavidunda na Wakaguru wenye lugha zao, na Wamasai na Waparakuyo wasemao Kimasai. Hapo hutakiwa mkalimani; lakini si kila mkalimani afaa. Huko Rudewa Mbuyuni, mwezi wa Desemba 2000, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Aliyefiwa katika ugomvi wa namna hiyo atawezaje kueleza msiba wake kwa kinywa cha mtu wa upande wa pili?

Basi wajuzi wa lugha tuna kazi: kuyakusanya maneno ya wagonjwa wenyewe, kijiji kwa kijiji, kabla ya kusanifu istilahi. Kamusi iijuayo sonona, nayo haiijui maana hii ya mawazo, haijamfaa tabibu wala mgonjwa.