Kabla ya Kupeleka Vitu vya Nyumba mu Depo ya Koperative



Depo nyingi za vijiji zilijengwa juu ya mahindi na maharagi. Lakini siku kwa siku memba anakuja kuomba nafasi ya vitu vya nyumba: matela, sufuria, cherehani, majembe, manjanja ya paa. Mumoja anabomoa nyumba ya udongo ili ajenge ya matofali. Mwingine anaenda miezi mitatu kuuguza muzazi mu mji. Mwingine anaogopa wezi. Kama komite imekubali, hakuna ubaya.

Lakini tujue jambo moja: depo haiponyeshi kitu. Inatunza kile umeleta, vile umekileta. Ukileta unyevu, itakurudishia uozo. Na kwa sababu depo iko ya wote, wadudu waliotoka mu mufuko wako watakula chakula cha jirani. Ndiyo maana kazi kubwa inafanyika nyumbani, mbele ya kubeba kitu hata kimoja.

Kwanza: gawanya vitu mafungu mane

Toa vyote inje, vitandaze juu ya mukeka ao turubai, kisha ugawanye.

Fungu la kwanza ni vitu ambavyo haviingie mu depo hata siku moja: karatasi za shamba, vyeti vya watoto vya masomo na vya kuzaliwa, karte ya uchaguzi, feza, dawa za mugonjwa. Hivyo vinakaa mu mufuko mudogo wa plastiki, karibu na wewe. Siku ya kukimbia moto ao vita, hautakuwa na wakati wa kutafuta mutu wa fungulo.

Fungu la pili ni chakula na mbegu. La tatu ni vyombo, nguo, matela na vyombo vya kulimia. La ine ni vitu vya hatari: petroli, dawa ya kuua wadudu na pompi yake, mbolea ya kiwanda. Fungu hili halilale chumba kimoja na chakula. Hata bidoni iliyosafishwa, kama ilikuwa na dawa ya wadudu, isiwekwe mafuta ya kula ao maji. Kama depo iko na chumba kimoja tu, komite itafute kibanda kingine chenye kufungwa na kadenasi, mbali na watoto.

Pili: kausha kila kitu

Maharagi na mahindi yajaribiwe kwa chumvi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia kipimo kidogo cha chumvi kavu, kisha mbegu mpaka robo ya chupa. Funga, tikisa kwa nguvu, ngojea dakika 15. Kama chumvi imeshikamana na kioo, mbegu ingali na maji: rudisha ku jua. Kama chumvi imebaki chini, unyevu umepunguka. Ongeza bado siku moja ya jua, kisha acha mbegu zipoe ndani ya kivuli mbele ya kufunga. Ukifunga zikiwa moto, jasho litatokea ndani ya mufuko.

Usizarau kazi hii. Mahindi na karanga zenye ukungu zinaweza kuwa na sumu ya aflatoksini, yenye kuharibu maini. Kupika haiondoe sumu ile.

Matela iwekwe ku jua siku mbili, upande huu na upande ule, kisha ipigwe fimbo vumbi itoke. Nguo zifuliwe na zikauke kabisa. Sufuria na basani zioshwe: alama ndogo ya mafuta inatosha kuita panya. Majembe na panga yasuguliwe udongo, kisha yapakwe mafuta kidogo ili kutu isiyale. Radio na toshi zitolewe mawe yake, kwa sababu yakikaa muda mrefu yanatoa maji yenye kula chuma.

Tatu: funga vile inafaa

Mududu wa maharagi anaanza kazi yake shambani, wakati maharagi yangali mu maganda. Unaweza kuvuna mbegu zenye kuonekana nzuri, kumbe mayai yako tayari. Mufuko wa kawaida hautamuzuia. Mufuko wa PICS, wenye plastiki mbili ndani na mufuko wa kusukwa inje, unazuia hewa, na mududu anakufa kwa kukosa pumuzi. Funga plastiki moja moja, ukiikaza na kamba, na usifungue kila wiki: ukifungua, hewa inarudi. Kama hauna mufuko ule, bidoni safi na kavu yenye mufuniko wa kukaza inaweza kusaidia, lakini ijaze mpaka juu.

Matela na nguo ni kinyume. Usizizibe na plastiki kama kuna shaka ya unyevu. Zifunge na kitenge ao shuka ya zamani ili zipumue. Sahani zifungwe moja moja na karatasi ao nguo, zisimamishwe ndani ya basani. Sufuria ndogo iingie mu kubwa, na ndani ya ndogo tia vijiko. Vitu vizito vikae mu sanduku ndogo, vitu vyepesi mu sanduku kubwa. Ukifanya kinyume, hakuna atakayeweza kuinua.

Ine: panga ukifikiria siku ya kutoa

Hakuna kitu kinachokaa chini ku udongo ao simenti. Weka mbao ao paleti, na uache nafasi ya hatua moja kati ya vitu na ukuta, ili mutu apite, hewa ipite, na njia ya panya ionekane. Usitie mifuko ya nafaka chini ya sanduku za vyombo. Mbegu za kupanda zikae karibu na mulango: sezoni A ikianza mu mwezi wa 9, mvua haitangojea uondoe matela ya watu kumi. Mbegu zilizopakwa dawa zitiwe alama nyekundu, mutu asizipike kwa kosa.

Tano: andika, na mukewe aandikwe

Kila mufuko na kila sanduku vipate namba na jina. Sekreteri aandike mu kaye: tarehe, namba, kitu gani, kilo ngapi, hali yake, na siku ya kukitoa. Memba na mutu wa depo watie sahihi wote wawili, na memba arudi nyumbani na kopi. Vitu vifunguliwe mbele ya wote wawili siku ya kuingia, ili siku ya kutoka pasiwe maneno.

Hapa pana jambo lenye kuleta machozi katika vijiji vyetu. Kitu kikiandikwa kwa jina la mume peke yake, na mume akiwa mbali ao amefariki, muke anafika ku mulango wa depo na anaambiwa angojee jamaa ya mume. Watoto wanalala njaa, na maharagi aliyolima mwenyewe yako nyuma ya kadenasi. Muandike majina mawili: mume na muke, ao muke na mutoto mukubwa. Mujane aandike jina lake na la mutu anayemuamini. Komite ikatae kupokea kitu chenye jina moja tu.

Mara moja kwa mwezi, watu wawili wa komite wafungue depo, watazame paa, panya na wadudu, na waandike walichoona. Mu mukutano wenu ujao, leteni kaye ya depo mbele ya memba wote, muisome pamoja. Mahali penye jina moja, muongeze la pili siku ile ile.