Betri za Kuchaji katika Flashi ya Zamani

Katika vijiji vingi yuko mpiga picha mmoja anayeitwa kwenye arusi, ubatizo na Komunyo ya kwanza. Kamera yake yamkini ni mpya, lakini flashi yake, yaani ile taa inayomulika ghafula picha inapopigwa, aghalabu ni ya zamani, imepita mikononi mwa watu wengi. Flashi za namna hiyo, kama Vivitar 283 iliyouzwa tangu miaka ya 1970, zilitengenezwa imara, na nyingi zingali zikifanya kazi. Lakini zina njaa. Vivitar hiyo hutaka betri nne ndogo zenye alama AA, na arusi moja yaweza kuzimaliza. Mwenye kununua betri mpya kwa kila arusi, faida yake huishia dukani.

Basi wengi wauliza: Je, nitie betri za kuchaji? Wakisoma maandishi yake huogopa. Betri ya kawaida ina volti 1.5, betri ya kuchaji yenye alama NiMH ina volti 1.2. Nne za kwanza ni volti 6, nne za pili ni volti 4.8 tu. Je, mwanga hautapungua? Hapana. Tuone sababu yake.

FLASHI HUFANYAJE KAZI?

Ndani ya flashi mna kioo chembamba chenye hewa iitwayo zenoni. Hewa hiyo haiwezi kuwaka kwa volti 6. Kwa hiyo flashi huupandisha umeme wa betri mpaka kufika volti 300 hivi, na kuuweka akiba katika chombo kiitwacho kapasita. Ile sauti nyembamba unayoisikia baada ya kila picha ndiyo kazi hiyo. Kapasita ikikaribia kujaa, taa ndogo huwaka. Ukipiga picha, akiba humwagika katika kile kioo kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu ya sekunde.

Waona, basi, kwamba mwanga watoka katika kapasita. Kazi ya betri ni kuijaza tu. Fikiri mapipa mawili ya maji. La kwanza limewekwa juu kidogo, lakini bomba lake ni jembamba. La pili liko chini kidogo, lakini bomba lake ni nene. Lipi litajaza ndoo upesi? Bila shaka la pili. Betri ya kawaida ikivutwa umeme kwa nguvu, volti zake hushuka mara. Betri ya kuchaji hushika volti zake karibu mpaka mwisho. Ndiyo maana flashi huwa tayari upesi zaidi. Zile betri za bei rahisi za redio ndizo dhaifu kuliko zote kwa kazi hii.

MAMBO YA KUANGALIA

Kwanza, soma kitabu cha flashi au maandishi ya mlangoni pa betri. Ikiwa yakataza betri za kuchaji, tii.

Pili, angalia joto. Betri dhaifu huilazimisha flashi kupumzika. Betri nzuri hukuruhusu kupiga mfululizo, na vyombo vya ndani vyaweza kuungua. Ukipiga kama mara kumi upesi upesi kwa nguvu zote, ngoja dakika chache. Haraka haraka haina baraka.

Tatu, usidanganywe na umbo. Iko betri ya lithiamu yenye namba 14500, sawa kwa ukubwa na AA, lakini ina volti 3.7. Nne ni volti 14.8. Ukizitia katika flashi ya volti 6 utaiharibu.

Nne, usichanganye betri mpya na kuukuu, wala za namna mbalimbali. Zilizo nne ziwe ndugu: zinunuliwe pamoja, zichajiwe pamoja, zitumike pamoja. Iliyo dhaifu huishiwa kwanza, nazo nyingine huiharibu.

Tano, jua kuchaji. Betri ya 2000 katika chaja ndogo ya 200 hutaka saa 14 hadi 16, si 10, maana umeme mwingine hupotea njiani. Chaja inayokata umeme yenyewe ni bora. Betri za kuchaji za zamani huvuja umeme zikikaa, hivyo zichaji usiku wa kuamkia sherehe. Tangu mwaka 2005 ziko nyingine zinazotunza sehemu kubwa ya umeme wao kwa mwaka mzima. Hizo zafaa zaidi.

Sita, flashi iliyolala miaka mingi iamshwe polepole. Kama pana kutu ya betri zilizovuja, isugue kwa pamba yenye siki au maji ya ndimu kidogo, kisha ikaushe vizuri. Tia betri, iwashe, iache robo saa, ndipo uipige mara kadhaa. Lakini usiifungue kamwe! Kapasita yaweza kushika umeme wa kuua hata betri zikiwa zimetolewa. Na kabla ya kuifunga juu ya kamera ya dijitali, fundi aipime, kwa sababu flashi nyingine za zamani hupeleka volti zaidi ya 200 kwenye kamera na kuiharibu.

Betri nzuri za kuchaji hutumika mara mamia. Nunua nane, nne kazini na nne mfukoni. Siku moja kabla ya arusi, piga flashi nyumbani na kuhesabu sekunde mpaka taa ndogo iwake; ikiwaka, ongeza sekunde chache, kwa kuwa mara nyingi kapasita bado haijajaa kabisa. Ushike muda huo kichwani. Bwana arusi havishi pete mara mbili kwa ajili ya mpiga picha.