Tangi Lililotoboka Lisirudishwe Kazini Haraka

Kamina, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni mji uliokuzwa na reli. Mwaka 1928 njia ya kampuni ya reli ya BCK kutoka Bukama hadi Ilebo, wakati huo Port-Francqui, ilifunguliwa ikipitia hapo. Mwaka 1956 likaongezwa tawi la Kabalo. Kwa miaka mingi vichwa vya treni vya mvuke vilipita na boila zao, na kila boila lilihitaji jicho la fundi anayejua kazi. Siku hizi chombo cha shinikizo kinachopatikana kila mji ni tangi la kompresa la fundi wa matairi. Likitoboka, huchomelewa kiraka na kuwashwa tena siku hiyo hiyo. Naipinga tabia hiyo kabisa.

Chukua tangi la lita 100 lenye hewa ya baa 8. Nishati iliyobanwa humo inakaribia kilojuli 100, inayotosha kunyanyua tani moja hadi mita 10. Boila ni hatari zaidi. Maji yake yamepita nyuzi 100 yakabaki maji kwa sababu tu yamebanwa. Bamba likichanika, sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo, na mvuke huo hutaka nafasi mara 1,600 hivi kuliko maji yaliyouzaa.

Aprili 1865 boila za meli Sultana zililipuka katika mto Mississippi, zikaua watu zaidi ya 1,100. Siku chache kabla, boila moja lilikuwa limewekwa kiraka chembamba kuliko bamba lake, na kiraka hicho kimo katika sababu zinazotajwa. Mwaka 1905 boila la kiwanda cha viatu huko Brockton, Marekani, liliua watu 58. Ndipo ASME, chama cha wahandisi mitambo wa Marekani, wakaandika kanuni ya ujenzi wa boila, toleo la kwanza likiwa la 1914. Ukarabati nao una kanuni yake, inayosimamiwa na bodi ya wakaguzi iliyoundwa mwaka 1919.

Kanuni hizo zinataka utaratibu wa kuchomelea uandikwe na kujaribiwa kwanza, na mchomeleaji awe amefaulu mtihani kwa utaratibu huo: vipande alivyounga hukunjwa kuona kama vitapasuka. Ufa wenyewe husagwa wote hadi chuma kizima, kisha hupakwa rangi inayopenya ili ncha iliyojificha ionekane. Ukifunikwa juu tu, utaendelea kukua chini ya kiungo kipya.

Masika ya Kamina yana balaa lake. Elektrodi za haidrojeni kidogo hufyonza unyevu. Ukizitumia zikiwa na unyevu, haidrojeni huingia kwenye chuma na kuzaa ufa saa nyingi baada ya fundi kwenda nyumbani. Hivyo hukaushwa katika tanuri, na kwa vyuma vigumu ukaguzi wa mwisho husubiri siku moja au mbili.

Jaribio la shinikizo lifanywe kwa maji, kamwe si kwa hewa. Maji karibu hayabanwi: tangi lile lile la lita 100 likijazwa maji ya baa 8, nishati ndani ya maji haifiki hata sehemu moja ya elfu ya ile ya hewa. Likishindwa, litavuja tu.

Tangi la kompresa huozea chini, panapotuama maji yasiyotolewa. Tundu likitokea hapo, bamba la pembeni nalo limeshaliwa, na kuchomelea hakurudishi unene uliopotea. Pima unene kuzunguka tundu. Ukiwa umepungua kupita kiasi, kata bamba lote bovu uweke jipya, au ulitupe tangi.