Mvinyo wa chungwa hauna chungwa: mambo ya kujua kabla ya kufika Busia

Wafanyabiashara wa Busia, Tororo na Kiyeyi wamezoea kuvusha mahindi, samaki na mitumba. Mvinyo wa mashamba madogo ya familia ni mzigo adimu, na kuna aina moja inayoweza kukwamisha gari kwa sababu ya jina lake tu. Nayo ni ile inayoitwa mvinyo wa rangi ya chungwa.

Ndugu mfanyabiashara, kinywaji hiki hakina chungwa hata tone. Ni mvinyo wa zabibu nyeupe. Mvinyo mweupe wa kawaida hupatikana kwa kukamua zabibu, kutoa maganda mapema, na kuchachusha maji yake peke yake. Huu wa chungwa huchachushwa pamoja na maganda na mbegu, kwa siku kadhaa au hata miezi. Maganda ndiyo yanayoupa rangi ya dhahabu iliyoiva, pamoja na ukakasi mdomoni kama wa chai ya rangi iliyokolea.

Utaratibu huu ni wa kale. Nchini Georgia huchachusha zabibu ndani ya mitungi mikubwa ya udongo iliyofukiwa ardhini, na mwaka 2013 UNESCO iliutambua kuwa urithi wa binadamu. Jina lenyewe ni la juzi tu: lilibuniwa mwaka 2004 na David Harvey, mfanyabiashara wa mvinyo wa Uingereza. Hapa kwetu, Dodoma ina zabibu nyeupe zinazoweza kutengeneza mvinyo wa namna hii.

Kosa la kwanza: jina kwenye ankara

Forodha hutoza kwa namba ya bidhaa, haitozi kwa rangi. Mvinyo wa zabibu mbichi uko kwenye kifungu 2204. Vinywaji vingine vilivyochachushwa, kama vile vya matunda mengine au asali, viko 2206. Ukiandika "mvinyo wa machungwa", umemwambia ofisa kuwa ni 2206, huku chupa inasema zabibu. Hapo mzigo utashushwa na kukaguliwa upya, na tamko lisilo sahihi lina adhabu yake.

Andika hivi: mvinyo wa zabibu nyeupe, usio na povu, uliochachushwa pamoja na maganda, asilimia ya kilevi, ujazo wa chupa, idadi ya chupa. Chupa zisizozidi lita 2 huingia 2204.21.

Kosa la pili: asili ya mzigo

Mvinyo uliotengenezwa ndani ya Afrika Mashariki kwa kutimiza kanuni za asili hautozwi ushuru wa forodha ukiwa na cheti cha asili. Mvinyo uliotoka nje ukamiminwa tu kwenye chupa hapa kwetu hauhesabiwi kuwa wa Afrika Mashariki. Mwenye mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani anaweza kuomba cheti rahisi mpakani, mradi bidhaa imo kwenye orodha ya pamoja. Uliza kabla ya kupakia.

Hata hivyo, cheti hakiondoi kodi zote. Ushuru wa bidhaa na VAT hutozwa na nchi mzigo unakokwenda. Stempu nazo zipo: Kenya huzitumia kwa mvinyo, na Uganda ilianza stempu za kidijitali Novemba 2019. Viwango vya ushuru hubadilika na bajeti za kila Juni, kwa hiyo thibitisha na KRA au URA. Piga hesabu ya lita mapema: katoni moja ya chupa 12 za sentilita 75 ni lita 9, na katoni 50 ni lita 450.

Mvinyo wa Italia au Georgia unaoshuka Mombasa kwenda Uganda una njia yake. Chini ya Himaya Moja ya Forodha iliyoanza 2014, tamko hufanywa Uganda kabla mzigo haujatoka bandarini. Dereva asikate lakiri njiani kwa sababu yoyote ile.

Ukungu si uharibifu

Watengenezaji wengi wadogo hawachuji mvinyo huu, na wengine huweka dawa kidogo sana ya kuuhifadhi. Kwa hiyo unaweza kuwa na ukungu na masimbi chini ya chupa. Mkaguzi asiyeufahamu atadhani umeharibika au umechakachuliwa. Beba cheti cha maabara na maelezo ya mtengenezaji, kwani UNBS na KEBS hupima mvinyo kwa viwango na si kwa macho.

Wasafirishaji nao wazingatie joto. Chupa zilizoachwa ndani ya lori lililofungwa, mchana kutwa kwenye foleni, huweza kuharibika. Weka katoni kivulini, funika kwa turubai lenye nafasi ya hewa, na panga kufika mpakani asubuhi.

Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018, kimewezesha maofisa wa nchi mbili kuhudumia mzigo mahali pamoja. Kwa mwenye karatasi zinazolingana na chupa, safari ni fupi. Anayekimbilia njia za panya kukwepa stempu huhatarisha mzigo na gari pia, na gari mara nyingi si lake.