Majuma ya Kwanza ya Mtoto wa Mbwa

Watu wengi hudhani kwamba ukali au upole wa mbwa hutokana na mbegu peke yake. Uchunguzi wa kisayansi unaonyesha kwamba malezi ya majuma ya mwanzo nayo yana nguvu kubwa.

Mtoto wa mbwa huzaliwa kipofu na kiziwi. Macho hufumbuka yapata juma la 2, na masikio huanza kusikia karibu na juma la 3. Tangu hapo hadi juma la 12 au la 14 huwa mwepesi wa kuwazoea viumbe wanaomzunguka. Mwaka 1961 wataalamu wa Marekani, Freedman, King na Elliot, walitangaza matokeo ya jaribio ambamo watoto wa mbwa walikuzwa uwanjani, ndani ya ua mrefu, mbali na binadamu. Waliokaribishwa kwa watu mapema walizoea. Walioachwa hadi juma la 14 walibaki na woga mkubwa.

Basi umri ufaao kumhamisha ni majuma 8 hivi: amekwisha kuachishwa ziwa, na mlango wa mazoea ungali wazi.

Usiku wa kwanza atalia. Huo si utundu. Amekosa joto la mama na ndugu zake. Alazwe karibu na watu, katika sanduku lenye kipande cha gunia alilolalia kwao, wala asipigwe. Chakula chake kisibadilishwe ghafla. Apewe kidogo kidogo, mara 3 au 4 kwa siku. Kila alapo na kila aamkapo atolewe nje, mahali pale pale, ndipo atakapojifunza pa kujisaidia. Mchana ashikwe kwa upole masikio, miguu na kinywa, apate pia kuwaona watoto, wageni na mbuzi.

Faida yake haiishii kwa mwenye mbwa. Kichaa cha mbwa kingali kinaua watu Afrika Mashariki, na dalili zikishajitokeza mgonjwa ni nadra mno kupona. Kinga kuu ni kuchanja mbwa. Lakini mbwa asiyekubali kushikwa mara nyingi hafikishwi kwenye chanjo. Kwa hiyo mkono mpole wa leo ndio utakaomwezesha daktari wa mifugo kufanya kazi yake kesho.